Kijana Akikiri Kosa Asilotenda: Somo kwa Wazazi na Walezi wa Dadaab

Mwaka wa 2003 Bunge la Kenya liliifanyia marekebisho Sheria ya Ushahidi na kuondoa jambo lililokuwa limewatesa Wakenya kwa muda mrefu. Kabla ya hapo, afisa wa polisi mwenye cheo cha kutosha aliweza kuketi na mshukiwa ndani ya kituo, akaandika kwamba mshukiwa amekiri, na karatasi hiyo ikatumika kortini kumfunga. Waliopitia vyumba vya chini vya jumba la Nyayo House jijini Nairobi katika miaka ya 1980 wanajua jinsi watu walivyofikishwa mahali pa kukiri. Wengi walipelekwa mbele ya hakimu bila wakili, wengine jioni baada ya saa za kazi, wakakubali mashtaka na kupelekwa gerezani. Vyumba hivyo vilifunguliwa ili umma uvione mwaka huo huo wa 2003.

Somo la toleo hili linahusu watoto walio chini ya miaka 18 wanaoishi Ifo, Dagahaley, Hagadera na katika vijiji vya wenyeji vinavyozizunguka kambi hizo. Jambo linaweza kuanza dogo: simu imepotea sokoni, duka limevunjwa usiku, gari limerushiwa mawe. Linaweza pia kuanza kubwa, kama vile kilipuzi kilichotegwa barabarani. Kwa vyovyote vile, kijana anayekamatwa huwa na saa chache za kwanza ambazo huamua mengi, na kwa kawaida saa hizo humpata peke yake.

Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, na serikali ya kaunti haina mamlaka ya kuamuru kituo chochote. Hata hivyo, madaktari wanaojaza fomu za P3 na kukadiria umri wa mtoto katika hospitali za umma ni wafanyakazi wa kaunti, na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inaunda Mamlaka ya Ulinzi ya Kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni Gavana au mtu aliyeteuliwa naye. Kwa hivyo suala hili linamhusu kila mkazi, awe mwenyeji au mkimbizi.

Sheria inasema nini kuhusu kukiri

Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba maneno ya kukiri hayakubaliki kortini isipokuwa yametolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Marekebisho ya 2003 yaliacha mlango mmoja tu, wa mahakamani. Mlango wa afisa wa polisi ulirudishwa mwaka wa 2007, ndiyo maana somo hili bado linahitajika.

Mwaka wa 2009 zikatungwa kanuni za jinsi afisa huyo anavyopaswa kuandika maneno ya mshukiwa. Mshukiwa huchagua lugha atakayosema. Asiyejua Kiswahili wala Kiingereza hupewa mkalimani bila malipo. Hanyimwi chakula, maji wala usingizi. Kama ana maumivu, hutibiwa. Saa aliyokamatwa na muda aliokaa ndani huandikwa. Huambiwa kwamba ana haki ya kuwa na wakili, na huruhusiwa kuzungumza na yule mtu wa tatu kabla ya kuanza. Jambo moja kati ya haya likikosekana, wakili ana la kuuliza.

Juu ya sheria hiyo kuna Katiba. Kifungu cha 49 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Haki ya kunyamaza. Haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Na haki ya kutolazimishwa kukiri. Kifungu cha 50 kinaruhusu mahakama kuutupa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki, iwapo kuupokea kutaharibu haki katika kesi. Kifungu cha 25 kinasema kwamba haki ya kutoteswa haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata vita dhidi ya ugaidi. Chini ya Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017, afisa anayepatikana na hatia ya kumtesa mtu anaweza kufungwa hadi miaka 25.

Kwa mtoto, ulinzi unaongezeka. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto asiwekwe ndani ila pale ambapo hakuna njia nyingine, na akiwekwa, iwe kwa muda mfupi kabisa na mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibikia kosa la jinai hadi miaka 12. Wa kati ya miaka 12 na 14 huchukuliwa kwamba bado hajui kupambanua mema na mabaya, hadi upande wa mashtaka uithibitishie mahakama vinginevyo. Mzazi au mlezi hujulishwa mara moja, na mtoto anapohojiwa anapaswa kuwa na mzazi, mlezi au wakili karibu naye. Mtoto hapewi kifungo cha jela wala hukumu ya kifo.

Kwa nini asiye na hatia hukiri

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Husema: kama hakufanya, kwa nini alikubali? Majirani husema hivyo hivyo, na wakati mwingine hata hakimu. Swali hilo lina majibu, na yametoka katika kesi zilizochunguzwa hadi mwisho.

Mnamo Aprili 1989, mwanamke mmoja aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park jijini New York alishambuliwa, akabakwa na kupigwa hadi karibu kufa. Polisi waliwakamata vijana waliokuwa katika bustani hiyo usiku ule. Watano walishtakiwa: Kevin Richardson na Raymond Santana waliokuwa na miaka 14, Antron McCray na Yusef Salaam wa miaka 15, na Korey Wise wa miaka 16. Wise hakuwa akitafutwa. Alikwenda kituoni kumsindikiza rafiki yake Salaam. Walihojiwa kwa saa nyingi, na wanne kati yao wakarekodiwa kwa video wakieleza jinsi walivyoshiriki. Maelezo yao yaligongana kuhusu mahali, wakati na nani alifanya nini. Vipimo vya vinasaba havikumgusa hata mmoja wao. Hata hivyo, mwaka wa 1990 wote watano walipatikana na hatia, kwa sababu wazee wa baraza la mahakama walikuwa wameona video, na mtu akishaona kijana anakiri kwa kinywa chake, ushahidi mwingine hauna sauti.

Mwaka wa 2002 mfungwa mwingine, Matias Reyes, alisema ni yeye aliyefanya kitendo kile, tena akiwa peke yake, na vinasaba vikamthibitisha. Hukumu za vijana wale zikafutwa mwaka huo. Mwaka wa 2014 jiji la New York lilikubali kuwalipa dola milioni 41. Salaam alichaguliwa kuwa diwani wa jiji hilo hilo mwaka wa 2023. Jambo moja husahaulika katika simulizi hii, na wapenda usalama wanapaswa kulikumbuka: wakati vijana watano wakiwa ndani, Reyes alikuwa nje. Aliendelea kuwashambulia wanawake na akamuua mmoja kabla ya kukamatwa Agosti 1989.

Uingereza ilipata somo kama hilo mapema zaidi. Mwaka wa 1972 mtu aliyeitwa Maxwell Confait aliuawa kusini mwa London. Vijana watatu walikiri wakiwa kituoni, bila mzazi wala wakili: mmoja wa miaka 18 ambaye akili yake ilikuwa kama ya mtoto mdogo, mwingine wa miaka 15, mwingine wa miaka 14. Walihukumiwa mwaka huo huo. Mwaka wa 1975 mahakama ya rufaa iliwaachilia baada ya ushahidi wa madaktari kuhusu saa ya kifo kuonyesha kwamba maelezo yao hayangeweza kuwa kweli. Uchunguzi uliofuata ulichangia kutungwa kwa sheria ya 1984 ya polisi na ushahidi, ambayo inataka mtoto anapohojiwa awe na mtu mzima wa kumsimamia. Kanuni ya Kenya inayomtaka mzazi awepo ni ya ukoo huo.

Kutokana na kesi za namna hii, wataalamu wameona mambo yanayojirudia. Nchini Marekani, zaidi ya robo ya watu walioondolewa hatia kwa vipimo vya vinasaba walikuwa wamekiri au kutoa maneno ya kujitia hatiani. Vijana wako katika hatari kubwa zaidi. Mtu mzima akiambiwa “kubali tu uende nyumbani” hufikiria kifungo kitakachofuata. Mtoto wa miaka 15 aliyekaa kwenye sakafu ya saruji tangu jana hufikiria nyumbani. Hupima usiku huu, hapimi miaka kumi ijayo. Tena, asiye na hatia huamini kwamba ukweli utajitokeza wenyewe kesho, hivyo kukubali leo huonekana kuwa hasara ndogo.

Kuna mbinu ambazo hazihitaji hata kofi moja. Mpelelezi husema rafiki yako ameshakutaja, ilhali rafiki hajasema lolote. Husema kuna kamera iliyokuona. Huuliza swali lenye jibu ndani yake: “Ulipitia dirisha la nyuma, sivyo?” Baada ya saa tatu za maswali kama hayo kijana anajua kulikuwa na dirisha la nyuma, na anapokuja kusimulia, maelezo yake yanafanana na mahali pa tukio. Anayesoma baadaye husema hangeweza kujua jambo hilo kama hakuwepo. Kumbe alilijua kwa kuulizwa.

Mambo ya Dadaab

Mbinu hizo zikifika Dadaab hukutana na hali ambazo New York haina.

Ya kwanza ni lugha. Kijana aliyesomea shule za kambini kwa mtaala wa Kenya anaweza kujieleza kwa Kiswahili na Kiingereza. Aliyefika majuzi hawezi, na si kila mkazi wa kambi anasema Kisomali. Wapo Waoromo, Waanyuaki na wengine. Hata Kisomali chenyewe kina mitego kwa asiyekijua. Mtu anayesikiliza husema “haye”, akimaanisha nimekusikia, endelea. Afisa anayeandika anaweza kuisikia kama “ndiyo”. Kisha kuna malezi: mtoto aliyefunzwa duksi na nyumbani kwamba mkubwa akizungumza hapingwi, akiulizwa na mtu aliyevaa sare, huinamisha kichwa na kuitikia. Heshima hiyo ikiandikwa kwenye karatasi husomeka kama kukiri. Ndiyo maana mkalimani ni haki, na ni vyema asiwe mtu aliyemshtaki kijana, ndugu ya aliyeibiwa, wala afisa anayechunguza kesi.

Ya pili ni kumbukumbu. Familia nyingi za kaunti hii hazimwoni polisi kama mgeni asiye na historia. Sheria za hali ya hatari zilitumika katika eneo la Kaskazini Mashariki tangu 1963 hadi mwaka wa 1991. Wazee wa Garissa wanakumbuka Bulla Kartasi ya Novemba 1980. Kwa walio kambini, kumbukumbu ni ya karibu zaidi. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa shirika la madaktari walitekwa nyara wakiwa Ifo 2. Desemba mwaka huo vilipuzi viliyalenga magari ya polisi, na viongozi wa wakimbizi wakauawa. Operesheni iliyofuata iliandikwa na shirika la Human Rights Watch katika ripoti ya Mei 2012, ikieleza jinsi watu walivyokamatwa kwa makundi na kupigwa ndani ya kambi. Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch, ambapo watu wapatao 4,000, wengi wao Wasomali, walikamatwa na baadhi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ambayo ni taasisi ya serikali, ilifuatilia operesheni hiyo na kulalamikia watu kuwekwa ndani kupita saa 24 na hali mbaya ya seli.

Haya hayaandikwi ili kuwachongea maafisa wanaofanya kazi ngumu barabarani, ambako wenzao wameuawa. Yanaandikwa kwa sababu kijana aliyekua akisikia habari hizo huingia chumba cha mahojiano akiwa tayari ameogopa, na mwoga hukubali haraka. Afisa mwerevu anajua kwamba maneno ya namna hiyo hayamsaidii kumpata aliyetega kilipuzi. Yanamsaidia tu kufunga faili.

Ya tatu ni karatasi. Mkimbizi anayesafiri nje ya eneo la kambi anahitaji kibali kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi. Kijana aliyepanda basi kwenda Garissa bila kibali ana kosa moja dogo la kweli. Akiwa na hofu ya hilo dogo, anaweza kutishwa nalo hadi akubali kubwa lisilo lake. Ni vizuri vijana wafundishwe kutenganisha: la kibali lijibiwe kama la kibali, na lingine linyamaziwe hadi mzazi au wakili afike.

Ya nne ni umbali. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama au siku isiyo ya kazi, mwisho wake ni siku ya mahakama inayofuata. Maana yake ni kwamba aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kuonekana na hakimu Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Dadaab iko takriban kilomita 100 kutoka mjini Garissa, na kwa miaka mingi hakimu alisafiri kuja kusikiliza kesi kwa zamu. Wikendi ndiyo yenye hatari. Mzazi asingoje Jumatatu. Hata katika makosa ya ugaidi polisi hawana ruhusa ya kumkalisha mtu ndani wapendavyo. Lazima wamfikishe mahakamani na kuomba muda, na hakimu anaweza kukataa.

Umri wa kwenye karatasi

Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, kwa kuwa siku ya kweli haikujulikana wakati wa kusajiliwa. Wenyeji wa vijijini nao hawakosi watoto waliozaliwa nyumbani na hawana cheti. Kwa hivyo kijana mrefu mwenye ndevu chache anaweza kuandikwa kituoni kuwa na miaka 19, akawekwa seli ya watu wazima na kushtakiwa kama mtu mzima, ilhali ana 16. Kosa hilo la kalamu humpokonya kwa mara moja haki zote za Sheria ya Watoto: mzazi kuwepo, seli tofauti, Mahakama ya Watoto, wakili wa kulipiwa na serikali.

Mzazi anaweza kupinga umri huo siku ya kwanza mahakamani na kuomba mtoto apelekwe kwa daktari. Daktari hukagua meno na mifupa na kutoa makadirio, kwa kawaida ya kati ya mwaka huu na ule. Hawezi kutaja siku. Kwa hiyo kadi ya chanjo, rekodi ya shule, karatasi ya usajili wa familia au cheti cha kuzaliwa vina uzito. Viwekwe pamoja mahali pamoja nyumbani, na nakala ibaki kwa ndugu anayeishi bloku nyingine.

Mzazi akifika kituoni

Kitu cha kwanza cha kuuliza ni nambari ya OB, yaani nambari ya tukio katika kitabu cha kituo. Kama jina la mtoto halimo, aombe liandikwe pamoja na saa ya kukamatwa. Aulize kosa ni lipi na afisa mchunguzi ni nani. Kisha aseme kwa upole na bila kuzungukazunguka kwamba yeye ni mzazi, mtoto ana miaka kadhaa, na anataka awepo mtoto anapohojiwa. Kelele hazisaidii. Zikileta ugomvi, mzazi naye huandikiwa kosa, na mtoto hubaki peke yake tena.

Mzazi akizuiwa kuingia, aandike jina au nambari ya afisa na saa. Simu ya watoto, 116, hupigwa bila malipo. IPOA hupokea malalamishi kupitia 1559, nayo pia ni bila malipo, na ina ofisi mjini Garissa. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo anapaswa kujulishwa. Wakimbizi wanaweza pia kupata msaada wa kisheria kwa mashirika kama Refugee Consortium of Kenya. Kiongozi wa bloku na kikosi cha amani cha kambi wanaweza kwenda pamoja na mzazi, na mara nyingi kuwepo kwao hutuliza mambo pande zote mbili.

Mtoto mwenyewe anahitaji sentensi moja tu, na inafaa aijue kabla hajaihitaji: “Sitasema lolote mpaka mzazi wangu au wakili awepo.” Asisaini karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha yake. Akiambiwa ni taarifa ya shahidi tu, sheria ni ile ile. Korey Wise hakuwa hata shahidi alipoingia kituoni. Shule nazo zina nafasi hapa. Mwalimu mkuu anayewaita polisi baada ya bweni kuungua anapaswa kuwapigia wazazi simu dakika hiyo hiyo, kabla ya mwanafunzi kuketishwa ofisini kwa maswali.

Dhamana ya polisi ya ahadi haina malipo. Kama pesa zinatakiwa, lazima ipatikane risiti, na pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha. Pesa bila risiti si dhamana.

Mtoto akitoka na alama mwilini, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, atibiwe na maelezo yaandikwe kwenye kitabu cha matibabu. Fomu ya P3 hutolewa na polisi bila malipo na hujazwa na daktari. Ikiwa kituo husika kinasita kuitoa, kituo kingine au IPOA wanaweza kuombwa. Jeraha lililoandikwa baada ya wiki moja lina thamani ndogo kuliko lililoandikwa jioni ile.

Ikiwa mtoto hayuko katika kituo chochote na kila afisa anasema hamjui, hilo ni jambo la dharura. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilichapisha mwaka wa 2015 ripoti kuhusu watu waliotoweka wakati wa operesheni dhidi ya ugaidi, nyingi za habari zake zikitoka pwani na kaunti zetu. Familia inaweza kuomba Mahakama Kuu ya Garissa itoe amri ya kumleta mtu mahakamani. Ombi hilo husikizwa haraka, na haki hiyo pia ni kati ya zile ambazo Kifungu cha 25 hakiruhusu zipunguzwe.

Maslaha na shinikizo la nyumbani

Si kila shinikizo hutoka kwa polisi. Kijana anaweza kutajwa kwa sababu ya ugomvi wa koo, deni la duka, au kwa kuwa ndiye yatima asiye na wa kumtetea. Wazee wakikaa maslaha, baba anaweza kumwambia mwanawe akubali ili ngamia walipwe na amani irudi. Kwa wazee hilo ni kuzima moto. Kwa kijana ni jina litakalomfuata. Katiba inatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, kwa sharti kwamba zisivunje Sheria ya Haki. Tena malipo ya maslaha hayawafungi mikono polisi wala waendesha mashtaka. Kesi ya jinai ni ya Serikali, na inaweza kuendelea hata baada ya ngamia kulipwa, huku kijiji kizima kikijua kwamba kijana “alikubali”. Wazee wanaotaka kumlinda mtoto waanze kwa kuuliza nani aliona, saa ngapi, na mtoto alikuwa wapi wakati huo, kabla hawajauliza ni ngamia wangapi.

Mtego wa aina hiyo hiyo umo pia ndani ya sheria nzuri. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu kesi ya mtoto iondolewe katika mkondo wa mahakama na kushughulikiwa kwa ushauri nasaha, kuomba radhi au kulipa fidia. Ni njia bora kwa mtoto aliyekosa kweli. Lakini inadai kwanza mtoto akubali kuwajibika, na hapo asiye na hatia anaweza kushawishiwa kuwa ndiyo njia rahisi. Sheria yenyewe inataka mtoto awe ameelewa haki yake ya kunyamaza, na asiwe ameshinikizwa. Mzazi, ambaye idhini yake inatakiwa, amuulize mtoto wakiwa wawili tu, nje ya chumba.

Kesi ikiisha, familia iombe nakala ya uamuzi. Kuachiliwa chini ya Kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai ni tofauti na kuondolewa hatia: kesi imeondolewa, ila inaweza kurudishwa. Hakimu anaweza kuombwa aeleze ni lipi kati ya hayo limetokea. Karatasi hiyo ndiyo itakayoulizwa siku kijana atakapoomba cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi au ufadhili wa masomo.